Kadi Mbili Ubavu kwa Ubavu: Kupoza kwa Maji Katika Hewa ya Eldoret

Ukipachika kadi mbili za michoro kwenye mazabodi moja, ile ya juu ndiyo itakayoteseka. Feni zake hunyonya hewa kutoka kwenye mwanya mdogo uliobaki juu ya mgongo wa kadi ya chini, na hewa hiyo imeshapata moto kabla haijaifikia. Soma vipimo vya joto utaona: kadi ni za aina moja, kazi ni ile ile, lakini ya juu inaizidi ya chini kwa nyuzi kumi au zaidi, feni zinavuma chumba kizima, na baada ya muda inaanza kujipunguzia kasi ili isiungue. Ukiongeza ya tatu, mashine haifai tena kukaa chumba kimoja na mtu. Hapo ndipo watu huanza kuuliza habari za maji.

Wanaouliza wamebadilika. Zamani kidogo walikuwa wachimbaji wa sarafu za kidijitali, lakini Ethereum ilipoacha kutegemea kadi za michoro mnamo Septemba 2022, kazi hiyo ilikatika na kadi zilizotumika zikamiminika sokoni. Siku hizi anayeuliza ni kijana anayefunza kompyuta kutambua matamshi ya Kiswahili, au mhariri wa video, au mchoraji wa majengo asiyetaka kungoja picha moja usiku kucha. Wengi wao huishia kwenye kadi ile ile, RTX 3090 iliyotumika, kwa sababu ina kumbukumbu ya gigabaiti 24, na mbili zikikaa pamoja ni 48 kwa bei ambayo kadi mpya zenye kumbukumbu kubwa haziikaribii. Kwa hivyo nitaitumia hiyo kama mfano. Kila moja hula wati 350. Mbili ni 700, na ukijumlisha prosesa yenye wati 150 hivi unapata 850. Joto lote hilo lazima litoke ndani ya kasha.

Kabla hujatoa shilingi, jaribu dawa ya bure. Kwenye Linux kuna amri fupi, nvidia-smi -pl 280, ambayo ukiipa ruhusa ya msimamizi inaizuia kadi isivuke wati 280. Windows nayo ina programu kama MSI Afterburner inayofanya kazi hiyo hiyo kwa kusogeza kipimo. Kazi itapungua kasi kidogo tu, kwa sababu wati za mwisho za kadi hizi huleta joto jingi na faida ndogo. Kama mazabodi yako ina nafasi ya kuacha sloti moja tupu kati ya kadi hizo mbili, na ukaweka feni mbele ya kasha inayopuliza moja kwa moja kwenye mwanya huo, huenda tatizo likaishia hapo. Ningependa nusu ya wasomaji waishie hapa na kubaki na fedha zao. Maji ni kwa yule ambaye kadi zake lazima zibanane, au ana tatu na zaidi, au anafanya kazi usiku watoto wamelala chumba cha pili na kelele haivumiliki.

Kwa waliobaki, tuanze na hewa, maana ndiyo jambo ambalo maelezo yanayotoka Ulaya na Marekani hayatakuambia. Maji hayamalizi joto. Yanalichukua kwenye chipu na kulipeleka kwenye rejeta, na kule ni hewa inayolipokea. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kiasi cha asilimia 78 ya lile la Mombasa, maana yake feni ikizunguka kwa kasi ile ile inasukuma ujazo ule ule wa hewa, lakini ndani ya ujazo huo mna hewa pungufu kwa zaidi ya moja ya tano. Rejeta iliyoandikwa kwamba inatosha wati fulani ilipimwa mahali palipo karibu na usawa wa bahari.

Wapenzi wa kazi hii kwingineko huhesabu nafasi moja ya feni ya milimita 120 kwa kila wati 100, wakitaka maji yakae nyuzi kumi hivi juu ya joto la chumba bila feni kupiga makelele. Hapa mimi nahesabu wati 80. Kwa wati 850 hiyo ni nafasi kumi na moja: rejeta tatu za milimita 360 na moja ya 240. Ni nyingi, na ni wachache wenye kasha la kuzimeza zote.

Lakini hesabu ina upande wa pili, nao unatufaa. Chumba cha Eldoret mchana wa kawaida kina nyuzi 22 hivi, na usiku wa Julai ni baridi kuliko hapo. Chukua rejeta mbili tu za 360, yaani nafasi sita. Kwa hewa yetu nyepesi maji yatapanda nyuzi 18 juu ya chumba na kufika 40. Rejeta hizo hizo na mzigo huo huo kule Mombasa, penye hewa nzito lakini chumba cha nyuzi 32, maji yatapanda nyuzi 14 tu, ila yatafika 46. Wepesi wa hewa unatugharimu nyuzi nne, ubaridi wa mji unaturudishia kumi. Kwa hiyo mwenye mfuko mdogo aweke rejeta mbili nene za 360 akiwa na amani, mradi dirisha lipo na chumba kinapumua. Mwenye uwezo anunue rejeta kubwa ya nje yenye feni tisa, kama MO-RA ya Watercool, aiweke kando ya meza, na kasha lake libaki tupu na safi. Joto la maji lisivuke 45 au 50 kwa kazi ya muda mrefu. Pampu za aina ya D5 zimeruhusiwa hadi nyuzi 60, na mabomba magumu ya plastiki ya PETG huanza kulegea kwenye joto hilo hilo.

Sasa bloku zenyewe, vile vipande vya kupitisha maji vinavyokaa juu ya chipu. Kosa linalowaumiza watu zaidi ni kununua bloku kwa jina la kadi. Jina RTX 3090 linataja chipu. Ubao uliobeba chipu hiyo hutofautiana kwa kila kampuni: ASUS Strix ina ubao wake, MSI Gaming X Trio wake, EVGA FTW3 wake, na ile ya NVIDIA yenyewe ni fupi kiasi kwamba bloku yake haiingii kwenye nyingine yoyote. Bloku ni kipande cha shaba kilichochongwa mabonde na vilima kufuata urefu wa kila chipu na kila koili juu ya ubao. Ikikosea milimita mbili, koili inagonga shaba na chipu kuu haiguswi kabisa. Kwa hiyo soma kibandiko kilicho nyuma ya kadi, andika namba kamili ya modeli pamoja na toleo lake, kisha uitafute kwenye orodha ya mtengenezaji wa bloku. EK ya Slovenia na Alphacool ya Ujerumani huweka orodha hizo wazi, na Bykski na Barrow za China, ambazo ndizo wengi wetu tunazimudu, huonyesha picha ya ubao. Linganisha picha hiyo na ubao wako halisi, koili kwa koili, hata ikibidi kuifungua kadi kabla ya kuagiza.

Kadi zako ziwe za kampuni moja na modeli moja. Najua hali ya soko la mitumba: unapata Strix leo, mwezi ujao unaona Gigabyte kwa bei nzuri. Izuie tamaa hiyo. Kadi mbili tofauti zina bloku zenye matundu ya maji kwa urefu tofauti, na kuziunganisha kunahitaji viungo vya kupinda ambavyo kila kimoja ni bei na ni mahali pengine pa kuvuja.

Mazabodi nayo ipimwe. Sloti za kadi hupishana kwa milimita 20.32. Kadi zikiwa sloti mbili mbali, kati ya tundu la moja na la nyingine ni milimita 40.64, zikiwa tatu, ni 60.96. Kiungo cha kati, kile kinachotoa maji kadi ya juu na kuyapeleka ya chini, huuzwa kwa umbali huo. Usikisie. Chukua rula, pima kutoka sloti hadi sloti, kisha ununue. Kizazi cha RTX 3090 ndicho cha mwisho cha kadi za nyumbani za NVIDIA kuwa na NVLink, njia ya kuunganisha kadi mbili moja kwa moja, na kama unalo daraja lake, hilo ndilo litakaloamua umbali huo, si wewe.

Watu hubishana sana kuhusu njia ya maji: yapite kadi ya kwanza kisha ya pili kwa mfululizo, au yagawanyike yaingie zote kwa pamoja? Hesabu yake si ngumu. Lita moja ya maji kwa dakika hubeba karibu wati 70 kwa kila nyuzi moja inayopanda. Pampu nzuri ikisukuma lita tatu kwa dakika, wati 350 za kadi ya kwanza zitayapandisha maji kwa nyuzi chini ya mbili kabla hayajafika kwa ya pili. Tofauti hiyo haina uzito. Kwa kadi mbili nachagua mfululizo, kwa sababu maji hayana njia ya kukwepa: yakipita, yamepita zote. Kwa kadi tatu au nne upinzani unajumlika na pampu inachoka, kwa hiyo gawanya, lakini hapo bloku lazima zifanane kabisa, la sivyo maji yatafuata ile iliyo rahisi na kuiacha nyingine ikipata moto.

Mtu wa Eldoret akiona bei ya rejeta ya kompyuta, mawazo yake huenda moja kwa moja kwa mafundi wa magari, ambako rejeta za gari zimepangwa kama matofali. Wazo si baya, ila angalia metali. Rejeta nyingi za magari ya sasa ni za aluminiamu na vichwa vya plastiki. Bloku zako ni shaba, pengine iliyopakwa nikeli. Shaba na aluminiamu zikikutana ndani ya maji yale yale, aluminiamu huliwa polepole, maji yanakuwa na matope, na njia nyembamba ndani ya bloku zinaziba. Rejeta kuukuu za shaba na brasi bado zinapatikana, na hizo zinafaa zikisafishwa sawasawa. Sheria ni moja: ndani ya mzunguko iwe shaba, brasi na nikeli pekee. Aluminiamu isiingie, na viungo vya bomba vilivyopakwa zinki visiingie.

Kuna bahati moja ambayo wenzetu wa Marekani hawana. Matundu ya bloku na rejeta za kompyuta hutumia uzi wa robo inchi wa BSP, familia ile ile ya nyuzi zinazotumiwa na mafundi bomba wa Kenya. Fitingi ya brasi ya robo inchi kutoka duka la vifaa vya kompresa inaweza kuingia. Lakini tazama kama uzi wake umenyooka au unaelekea kuchongoka. Wa kuchongoka, ule unaofungwa kwa utepe mweupe wa bomba, utaipasua bloku ya akriliki. Unaofaa umenyooka na una oringi ya mpira shingoni, na oringi ndiyo inayozuia maji. Usizungushie utepe, usitumie spana. Kaza kwa vidole mpaka oringi ibanwe, kisha ongeza robo ya mzunguko.

Siku ya kuifungua kadi, iweke kazini dakika kumi kwanza. Pesti ya zamani iliyokauka hushika chipu kama gundi, na joto huilegeza. Zima, ngoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha, na uvue sweta la manyoya. Miezi ya kiangazi, Desemba hadi Februari, hewa yetu ni kavu na mwili hubeba umeme usiouona. Tandika kitambaa cha pamba mezani. Chora umbo la kadi kwenye karatasi, na kila skrubu unayoitoa ichomeke mahali pake kwenye mchoro, maana zina urefu tofauti, na ndefu ikiingia penye fupi hutoboa ubao.

Ukishatoa skrubu zote usiivute ile sehemu yenye feni kupaa juu. Izungushe kidogo kushoto na kulia mpaka usikie imeachia, inua upande mmoja taratibu, na utazame ndani: nyaya nyembamba za feni na taa bado zimeunganishwa na ubao, na plagi zake ni ndogo kuliko punje ya mchele. Zitoe kwa kucha, usivute waya. Utakachokiona ni chipu kuu ikimeta katikati chini ya pesti ya kijivu, na kuizunguka vimiraba vyeusi kumi na viwili vya kumbukumbu. Geuza ubao. Kuna vingine kumi na viwili nyuma. Hii ndiyo sifa mbaya ya 3090: nusu ya kumbukumbu yake iko mgongoni, upande ambao bloku ya kawaida haiufikii, na kwenye kadi mbili zilizobanana mgongo wa kadi ya chini unakaa usoni pa ya juu. Kumbukumbu hizo za GDDR6X hujipunguzia kasi zikifika nyuzi 110. Nunua bloku yenye bamba la nyuma lenye pedi zake, na kama unaweza, lile linalopitisha maji nalo. Kama huwezi, weka feni ndogo ipulize juu ya bamba hilo.

Safisha chipu kwa spiriti ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya kupaka vidonda huwa imechanganywa mafuta, na mafuta yakibaki juu ya chipu pesti haishiki.

Pedi za joto ndizo zinazoamua kama kazi yako itafaulu. Huja na unene tofauti, nusu milimita, moja, moja na nusu, na karatasi ya maelezo huonyesha ipi inakaa wapi. Ifuate bila kubadilisha. Pedi ikiwa nene mno inainua bloku na chipu kuu inabaki ikielea. Ikiwa nyembamba mno kumbukumbu haziguswi na hutajua mpaka ziungue. Zikate kwa wembe kulingana na chipu, toa nailoni pande zote mbili (ya upande wa pili husahaulika kwa urahisi mno), uzipange. Kisha pesti katikati, kiasi cha kufunika chipu nzima kwa tabaka jembamba.

Shusha bloku wima, bila kuiburuta. Skrubu nne zinazoizunguka chipu zianze kwanza, kila moja mizunguko miwili, kwa mkingamo: juu kushoto, chini kulia, juu kulia, chini kushoto, kisha urudie mpaka zigote. Sasa fanya jambo ambalo wengi wanaliona ni kupoteza muda: ifungue tena. Tazama alama. Pesti iwe imesambaa chipu nzima bila doa kavu, na kila pedi iwe na chapa ya mraba iliyobonyea. Pedi isiyo na chapa haikugusa. Ukishaona kila kitu kimegusa, safisha, weka pesti mpya, ufunge moja kwa moja. Rudia kwa kadi ya pili kwa uangalifu ule ule, maana mkono ukishazoea ndipo unaporuka hatua.

Pachika kadi zote mbili kwenye mazabodi kabla ya kukaza kiungo cha kati. Kiungo kikikazwa kwanza, kadi zinalazimishwa kuingia kwa pembe na sloti inaumia. Shaba ni nzito. Weka mhimili chini ya ncha ya kila kadi.

Maji ya mfereji hapana, hata kama yanatoka safi. Yana madini na klorini. Maji ya mvua kutoka kwenye mabati yana vumbi na zinki, na ya chupa ya kunywa yana madini pia. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale ambayo maduka ya vipuri huuza kwa kuongezea betri za gari. Hapo soma lebo kwa macho mawili: duka lile lile huuza asidi ya betri katika chupa inayofanana, na asidi hiyo haitakiwi kukaa karibu na kazi yako wala karibu na watoto. Nunua iliyofungwa kiwandani, changanya na dawa ya kuzuia kuvu na kutu inayotengenezwa kwa kompyuta, kwa kipimo kilichoandikwa. Maji ya rangi nzito kama maziwa yanapendeza kwenye picha lakini huacha mashapo ndani ya bloku. Mashine ya kazi haiyahitaji. Na ukitumia kulanti ya gari, jua kwamba ethilini glikoli ni tamu na ni sumu. Mbwa na watoto huilamba.

Kabla ya umeme kuingia kwenye kadi, jaribu kama kunavuja. Ngoa nyaya zote za umeme za mazabodi na za kadi, uache pampu peke yake. Kwenye plagi kubwa ya pini 24 ya pawa saplai, unganisha tundu la waya wa kijani na la waya mweusi kwa kipande cha waya, na pawa saplai itawaka ikiendesha pampu tu. Jaza tangi, washa sekunde chache, zima kabla halijakauka, jaza tena, maana pampu ikizunguka bila maji huharibika. Inamisha kasha huku na huku mpaka mapovu yaishe. Kisha funga karatasi ya shashi kila kiungo, moja moja, na uiache ikizunguka siku nzima usiku na mchana. Karatasi iliyolowa itakuonyesha kiungo chenye kasoro. Ukipata pampu ya mkono yenye geji, anza hata kabla ya maji: sukuma hewa hadi nusu ya baa, funga, na urudi baada ya nusu saa. Sindano ikishuka, kuna tundu.

Kuhusu stima, nina msisitizo mmoja. Wengi wenye kadi nyingi hutumia pawa saplai mbili, urithi wa enzi za uchimbaji. Pampu ikiwa kwenye moja na kadi kwenye nyingine, siku ya kwanza ikizimika peke yake kadi zitaendelea kuunguruma ndani ya maji yaliyosimama. Tumia moja kubwa ya wati 1,200 au zaidi, kwa sababu 3090 huruka juu ghafla kupita wati zake kwa muda mfupi mno. Kama lazima ziwe mbili, pampu iwe kwenye ile ile inayoendesha mazabodi. Na kwa kuwa taifa zima lilipotelewa na umeme Agosti, Novemba na Desemba 2023, achilia mbali kukatika kwa mtaani, weka UPS inayobeba mzigo wote walau dakika tano za kuzima vizuri, na kwenye mipangilio ya mazabodi chagua mashine ibaki imezimika stima inaporudi. Umeme hurudi kwa vishindo. Afadhali uiwashe kwa mkono ukiwa umeangalia maji yapo.

Mashine ikiwaka, ipe mzigo kamili saa moja na utazame namba nne: joto la maji, la chipu kuu, la kumbukumbu, na kasi ya pampu. Maji yakiwa 40, chipu kwenye 55 hivi ni sawa. Ikiwa maji ni 40 na chipu moja iko 75, bloku haijakaa, fungua. Ikiwa kadi zote mbili zinapanda pamoja na maji, kosa liko kwenye rejeta au feni. Kumbukumbu zikikaa chini ya 90 lala salama. Usisahau kwamba ulipotoa feni za kadi uliondoa upepo uliokuwa ukipoza mazabodi na diski; feni moja ya polepole ndani ya kasha itaurudisha.

Wengine huagiza mashine nzima ijengwe Nairobi au Mombasa na kuletwa. Mwaga maji kabla ya safari. Matuta na mashimo yanatikisa shaba ile kilo kwa kilo juu ya sloti, na kuna jambo la shinikizo pia. Mzunguko uliofungwa ufukweni umebeba hewa ya ufukweni ndani ya tangi, na ukipanda nao hadi Timboroa unavimba kwa ndani kama ile pakiti ya krispi uliyoinunua Mombasa. Oringi iliyokuwa ikishika vizuri inaweza kuanza kutoa jasho. Ikifika Eldoret ikiwa na maji, fungua kifuniko cha tangi taratibu kabla ya kuiwasha, ili hewa itoke, kisha ufunge.

Weka valvu ya kumwagia maji mahali pa chini kabisa pa mzunguko tangu siku ya kujenga. Bila hiyo, kubadilisha maji kila mwaka kunageuka kazi ya kulaza kasha ubavu juu ya beseni. Feni na mabamba ya asili ya kadi usiyatupe wala usiyauze. Yafunge kwenye boksi pamoja na ile karatasi yenye skrubu, uandike juu yake ni ya kadi ipi, kwa sababu atakayekununulia kadi hizi mwakani atayaulizia, na bloku zenyewe utaziuza kando.